Wino kwenye dole gumba la Mwalimu: uchambuzi wa kisa cha mama mwenye demensia

Binti aliuona wino alipokuwa akimwogesha mama yake. Ulikuwa kwenye dole gumba la kushoto, rangi ya buluu iliyokwisha kuzama kwenye mikunjo ya ngozi, na sabuni haikuutoa. Akamuuliza, "Mama, ulishika nini?" Mama akalitazama dole lake muda mrefu, kama la mtu mwingine, kisha akasema, "Chaki."

Mama huyo ana miaka 79. Alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30, na mpaka leo watu wazima wenye wajukuu wao humwita Mwalimu. Nami nitamwita hivyo. Yote yanayoweza kumtambulisha yeye au jamaa zake nimeyaondoa au nimeyabadilisha. Niliingia katika shauri hili kama afisa ustawi wa jamii, baada ya watoto wake wawili kunipigia simu ndani ya wiki moja, kila mmoja akimlalamikia mwenzake, na kila mmoja akiwa na hakika kwamba yeye ndiye anayemtetea mama.

Mwalimu ni mjane mwenye watoto watatu. Binti mkubwa anaishi naye, na aliacha kazi miaka miwili iliyopita ili amtunze. Mwana wa kati anaishi mbali na ndiye anayetuma fedha za dawa. Kitinda mimba hufika mwisho wa mwezi, hasemi sana, hukaa na mama yake barazani mpaka jioni.

Dalili zilianza kama zinavyoanza kwa wengi. Swali moja mara tano ndani ya saa moja. Sufuria kuungua. Kupotea njia aliyoipita nusu ya maisha yake. Kliniki ilianza na vipimo vya damu na picha ya kichwa, na ilifanya vizuri, maana upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, sonona, hata damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka huweza kumfanya mzee aonekane akili zimemtoka, na yote hayo yana tiba. Kwake hayakupatikana. Ikabaki demensia, yaani kupotea taratibu kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, inayotokana na ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kwa wagonjwa 60 hadi 70 katika kila 100.

Alipewa pia kile kipimo cha maswali kilichochapishwa na Folstein na wenzake mwaka 1975, chenye alama 30. Akapata 17. Alama tano za kipimo hicho ni za wakati: mwaka, majira, mwezi, tarehe, siku. Alizikosa zote. Mahali pamoja humtaka mtu aandike sentensi yoyote aipendayo. Mwalimu akaandika, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima zote: "Watoto kaeni chini." Alama hiyo akaipata. Karatasi ile nimeiona kwenye jalada lake, na niliikumbuka mara nyingi katika wiki zilizofuata.

Siku ya wino

Siku ile binti alikuwa ametoka kwenda msibani. Mwana wa kati akafika na hati iliyokwisha kupigwa chapa, ya kumhamishia yeye nyumba ya mama. "Mimi sikumwibia mama yangu," aliniambia. "Bati la ile nyumba nimelipia mimi. Akifariki bila karatasi tutauana. Nilimwambia, Mama weka hapa, akaweka."

Nilimwamini kwa sehemu. Hofu ya ugomvi wa mirathi ilikuwa ya kweli, na bati kweli alilipia. Lakini nilimuuliza jambo moja ambalo sikuweza kuliacha: mtu aliyewafundisha mamia ya watoto kuandika majina yao, kwa nini aliweka dole?

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba kalamu alimpa kwanza. Mama aliishika, akaitazama karatasi, akauliza, "Hii ni ya nini?" Akairudisha kalamu mezani. Ndipo yeye akatoa kidau cha wino.

Kwangu mimi kalamu ile iliyorudishwa mezani ina uzito kuliko alama zote 17. Mama alielewa kwamba anaombwa kitu, aliuliza ni kitu gani, na hakujibiwa. Na shahidi ambaye jina lake lilikuwa chini ya hati hakuwamo chumbani. Alipelekewa karatasi kesho yake.

Sheria za nchi hazifanani, na mwenye shauri la nyumba anahitaji wakili wa pale alipo. Hata hivyo swali la msingi halitofautiani sana. Sheria ya England na Wales ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inaligawa sehemu nne. Je, mtu anaelewa maelezo yanayohusu uamuzi anaoombwa kuufanya? Anaweza kuyashika kichwani muda wa kutosha kuamua? Anaweza kuyapima, hili likitokea na lile lisipotokea? Anaweza kulitoa jibu lake kwa njia yoyote, iwe mdomo, ishara au maandishi? Wataalamu Appelbaum na Grisso, wakiwaandikia madaktari mwaka 1988, walikuwa wametaja mambo yanayofanana na hayo, na wakaweka mkazo kwenye jambo moja zaidi: mgonjwa atambue kwamba habari anayoambiwa inamhusu yeye mwenyewe. Sheria ile ya 2005 inaanza kwa kumhesabu kila mtu mzima kuwa anao uwezo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na inasema wazi kwamba uamuzi usio wa busara hautoshi kumwondolea mtu haki ya kuamua. Nasisitiza hili kwa sababu ndugu wengi huanzia upande wa pili: mama amesahau jina la mjukuu, basi hana neno tena.

Baadaye, Mwalimu alipokuwa ametulia, nilikaa naye asubuhi nikamuuliza kuhusu nyumba.

"Mwalimu, nyumba hii ni ya nani?"

"Yangu na baba yao."

"Ukimpa mwanao karatasi ya nyumba, wewe utakuwaje?"

"Baba yao atajenga nyingine."

Baba yao alifariki miaka 11 iliyopita. Nilimuuliza tena siku nyingine, kwa maneno mengine, baada ya kumweleza taratibu maana ya kuhamisha nyumba. Jibu likawa lile lile. Anaelewa neno "nyumba", anaelewa neno "kumpa", lakini anapofika kwenye kupima nini kitampata baada ya kutoa, anamtegemea mtu ambaye hayupo. Kwa uamuzi huu, uwezo haukuwapo.

Na hata kama ungekuwapo, hati ile ingekuwa na tatizo la pili, ambalo watu wengi hawalijui. Sheria za nchi nyingi huweza kuubatilisha mkataba uliopatikana kwa ushawishi usiofaa: mtu anayemtegemea mwenzake kwa dawa na chakula, yuko naye peke yake, hana mshauri wa upande wake, anatoa karibu kila alicho nacho na harudishiwi kitu. Hapo aliyepokea ndiye hutakiwa kueleza ilikuwaje. Familia zinazoogopa kumpeleka mama mbele ya hakimu kuthibitisha kwamba "hana akili" zifahamu kwamba mara nyingine njia hii hufika bila kumdhalilisha.

Binti, kwa hasira, alitaka tukimbilie kwenye wosia: mama aandike wiki hii kwamba nyumba ni ya watoto wote. Nilimzuia. Demensia peke yake haimnyimi mtu haki ya kuandika wosia. Katika shauri maarufu la Banks na Goodfellow la mwaka 1870, mahakama ya Uingereza ilikubali wosia wa mtu aliyeamini kwamba anafuatwa na mashetani, kwa kuwa fikra hizo hazikugusa jinsi alivyogawa mali yake. Alijua anafanya nini, alijua mali yake, alijua ni nani wanaostahili kukumbukwa. Lakini Mwalimu anamhesabu mumewe miongoni mwa walio hai. Wosia uliopatikana kwa haraka ya binti ungekuwa dole lingine la wino, safari hii mikononi mwa mtu mwingine.

Wiki mbili za kuweweseka

Siku tisa baada ya wino, Mwalimu alibadilika ndani ya siku mbili. Usiku halali, anaokota vitu hewani, anapiga kelele kwamba kuna watu dirishani. Mchana anasinzia katikati ya neno. Alimwita bintiye mwizi. Mwana wa kati akasema kwa simu, "Ugonjwa umepanda, huyo sasa ni wa kupelekwa kwenye nyumba ya wazee."

Hapa ndipo ningependa kila anayemtunza mzee asimame kidogo. Demensia ya Alzheimer humshusha mtu kwa miezi na miaka. Mzee anayebadilika kwa saa au kwa siku, anayekuwa mzima asubuhi na kupotea mchana, asiyeweza kufuatilia hata sentensi moja, ana jambo jingine juu ya demensia: anaweweseka kwa sababu mwili una tatizo, na tatizo hilo litafutwe siku hiyo hiyo. Huweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo au ya mapafu, ukosefu wa maji mwilini, choo kilichofunga, maumivu ambayo hawezi kuyasema, au dawa.

Kwake ilikuwa karibu yote. Alikuwa na maambukizi ya mkojo, hakuwa akinywa maji, hakuwa amepata choo kwa siku kadhaa, na kwa usiku nne binti alikuwa akimpa dawa ya mafua, ile ya zamani inayoleta usingizi, ili angalau mmoja wao alale. Simlaumu. Dawa zile zinauzwa bila cheti na hakuna aliyemwambia. Lakini huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo wenye Alzheimer tayari umepungukiwa nayo. Na Mwalimu alikuwa akinywa donepezili kila jioni, dawa ambayo kazi yake ni kuilinda kemikali hiyo hiyo isivunjwe haraka. Asubuhi niliviona vile vidonge viwili vimewekwa kwenye kisahani kimoja, kimoja kinavuta huku na kingine kule.

Akalazwa. Wodini, usiku wa kwanza, ilipendekezwa dawa ya kutuliza, ya kundi linalotumika kwa magonjwa ya akili. Niliuliza kama tungeweza kusubiri. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu dawa za kizazi kipya za kundi hilo kwa wazee wenye demensia: katika majaribio 17, waliopewa walikuwa katika hatari ya kufa mara 1.6 hadi 1.7 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani, wengi kwa matatizo ya moyo au maambukizi. Mwaka 2008 onyo likapanuliwa mpaka dawa za zamani. Kuna nyakati zinahitajika, mgonjwa anapokuwa hatari kwake au kwa wengine, kwa dozi ndogo na kwa siku chache zinazohesabiwa. Zisiwe njia ya kunyamazisha wodi. Daktari wa zamu alikubali kuanza na viuavijasumu, maji, miwani yake iliyokuwa imeachwa nyumbani, taa ndogo, na mtoto mmoja anayemjua kukaa kando ya kitanda. Siku ya sita aliniuliza mimi ni mtoto wa nani na nimesoma darasa gani.

Katika siku hizo sita barua iliingia wodini. Mwana wa kati, kupitia wakili, alitaka daktari aandike kwamba mama hana uwezo wa kuamua lolote, ili yeye aombe usimamizi wa mali na makazi yake. Daktari akakataa kumpima mtu anayeweweseka, na namshukuru mpaka leo. Ripoti ya siku ile ingekuwa ya kweli kwa siku ile na ya uongo kwa miaka iliyobaki.

Mama wa siku mbili tofauti

Sasa tazama ndugu hawa wawili walipofika. Mwana wa kati alihitaji mama awe na akili timamu siku ya wino, na asiwe nayo kabisa wiki mbili baadaye. Binti alihitaji mama asiwe na akili siku ya wino, na awe nayo alipotamka kwamba anataka kuishi na yeye. Walishutumiana mbele yangu kwa jambo hilo, na kila mmoja alikuwa sahihi kumwambia mwenzake kwamba anajipinga.

Lakini uwezo wa kuamua haukai kwa mtu kama rangi ya macho. Upo kwa jambo fulani, kwa wakati fulani. Kuelewa maana ya kuhamisha nyumba ni mzigo mzito. Kujua unataka kulala chumba gani na nani akuogeshe ni mwepesi zaidi, hata kama uamuzi huo una thamani kubwa kuliko nyumba. Kwa hiyo dai la binti, ambalo lilionekana kujipinga, linawezekana kabisa: mama huyu huyu akose uwezo kwa hili na awe nao kwa lile, ndani ya wiki moja. Dai la mwana wa kati ndilo lililokuwa gumu kusimama, maana alimwekea mama mzigo mzito siku aliyotaka nyumba, na akamnyang'anya hata ule mwepesi siku aliyotaka mamlaka.

Kuna mkataba unaofaa kutajwa hapa, nao ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara yake ya 12 inasema watu wenye ulemavu wana hadhi sawa mbele ya sheria, na nchi ziwape msaada wanaouhitaji ili waitumie. Kamati ya mkataba huo, mwaka 2014, ilikwenda mbali ikazitaka nchi ziachane na mtindo wa mtu mmoja kuamua kila kitu kwa niaba ya mwingine, zitafute njia za kumsaidia aamue mwenyewe. Si nchi zote zilizokubali tafsiri hiyo, na mimi nikiwa kazini nimekutana na wagonjwa ambao hakuna msaada ungewafikisha kwenye jibu. Ila kwa Mwalimu ilinisaidia kujiuliza swali kabla ya kumhukumu: nimemsaidia kiasi gani? Nimempima asubuhi anapokuwa na nguvu, au jioni anapochoka? Amevaa miwani? Nimetumia maneno yake au ya ofisini? Watoto wake wamekaa wapi wakati anajibu?

Mlango

Binti naye sikumwacha bila maswali. Alikuwa akimfungia mama kwa ufunguo kutoka nje kila alipokwenda kununua mahitaji, saa moja, wakati mwingine mbili. Usiku wa kuweweseka alimfunga mkono kwenye kitanda kwa kitambaa ili asianguke. Aliponieleza hili alikuwa ameshika kitambaa chenyewe, anakikunja na kukikunjua.

Kumfunga mtu ni kumdhuru, hata anayefunga akiwa analia. Na nyumba iliyofungwa kwa nje ikishika moto haina mlango. Nilimwambia hivyo. Lakini nilimwambia pia kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake hutoa takriban asilimia 70 ya saa zote za kuwatunza watu wenye demensia, na kwamba yeye alikuwa amefanya kazi ya watu watatu kwa miaka miwili bila siku ya mapumziko. Ukiukwaji mwingi ninaouona majumbani hauanzi na ukatili. Unaanza na usiku wa kumi bila usingizi.

Tuliweka kengele juu ya mlango, ufunguo ukaondolewa. Jirani mmoja akakubali kuitwa. Jina na namba ya simu vikashonwa ndani ya kola ya nguo anayoipenda. Pensheni ya mama, ambayo binti alikuwa akiitoa na kuitumia bila kuandika, ikapata daftari. Mimi naamini binti alistahili kulipwa kutoka kwenye pensheni ile, na nilisema hivyo mbele ya wote. Kosa lilikuwa kujilipa kimya kimya.

Kila jioni, jua likianza kushuka, Mwalimu hufunga furushi la nguo na kusimama mlangoni. "Nataka kwenda nyumbani." Yuko nyumbani. Kisha huuliza, "Baba yenu yuko wapi?" Kwa muda mrefu binti alimjibu ukweli: "Mama, baba alishafariki." Na kila jioni mama alilia kama ndiyo kwanza anaambiwa, akauliza alizikwa lini, mbona hakuitwa. Ikawa msiba mpya kila siku, kwa mtu ambaye kesho hatakumbuka kwamba amelia.

Nimefundishwa kutosema uongo kwa mgonjwa, na nauheshimu msingi huo. Habari ya ugonjwa wake, kwa mfano, alistahili kuambiwa mapema, siku alipoweza kuielewa na kujipangia mambo yake. Hakuna aliyemwambia, na hilo ndilo kosa la kwanza kabisa katika kisa hiki, kabla ya wino. Lakini swali la jioni haliombi habari ya kifo. Tulikubaliana binti aache kusahihisha na aache pia kudanganya kwamba baba yuko njiani. Amuulize: "Unamkumbuka, eh? Alikuwa anarudi saa ngapi?" Mama hukaa chini, furushi mapajani, akaanza kusimulia. Akiuliza kwa utulivu, mchana, "Mume wangu amekufa?", anajibiwa ndiyo, na mtu anakaa naye. Kumpa mtu ukweli anaouomba, na kutomtwisha asiouomba kila siku saa kumi na mbili, sioni kama ni kumdanganya.

Kikao

Wiki tano baada ya kutoka wodini tulikaa wote. Mwana wa kati alikuja na hati ile ya nyumba; ilikuwa haijasajiliwa. Aliitoa mwenyewe, na mbele ya wakili akaandika kwamba ameiondoa. Sikumtarajia kufanya hivyo, na nadhani kilichomgeuza ni kusikia habari ya kalamu ikisomwa kwa sauti kutoka kwenye maelezo yake mwenyewe. Madai yake ya bati yaliandikwa kama deni, nayo ni haki yake.

Makazi yalikuwa rahisi. Nilimuuliza Mwalimu siku tatu tofauti anataka kukaa wapi na kwa nini. Mara zote tatu alisema hapa, na huyu, "kwa sababu ananiosha bila haraka." Hakulikumbuka jina la binti katika mara mbili kati ya hizo. Alimwelekezea mkono.

Ikabaki nani asimamie fedha. Wengi hudhani mtu asiyeweza kusimamia fedha hawezi pia kumchagua wa kuzisimamia. Ni maamuzi mawili. Ili kuchagua anahitaji kuelewa kwamba mtu mwingine atashika fedha zake, kwamba mtu huyo anaweza kufanya vibaya, na amtaje anayemwamini. Wakili akaongeza jambo ambalo kila familia ilijue mapema: katika nchi nyingi idhini ya kawaida ya uwakilishi, yaani hati ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, hufa pale mtoaji anapopoteza uwezo, yaani inakwisha siku ile ile inapoanza kuhitajika. Lazima iwe ya aina inayoendelea, na iandikwe hivyo.

Mwana wa kati na binti wakawa wanatazamana, kila mmoja akijiandaa kwa jina la mwenzake. Nilimuuliza mama. Akafikiri. Akamwelekea kitinda mimba.

"Huyu."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Huyu hunisomea kwanza."

Kitinda mimba akasema, kwa aibu, kwamba kila mwisho wa mwezi humsomea mama barua na risiti barazani, zote, hata za zamani, kwa kuwa anapenda kusikia. Hakuna aliyejua.

Niliuliza tena baada ya nusu saa, watoto wakiwa nje, nikamweleza kwamba mtu wa fedha anaweza pia kuzila. "Akizila nitamchapa," akasema, kisha akamtaja yule yule. Daktari aliyekuwapo aliandika maswali na majibu neno kwa neno, siku hiyo hiyo, papo hapo. Wakili akasoma karatasi taratibu, sentensi moja moja, akisimama. Mbili mama aliomba zirudiwe. Zikarudiwa.

Kalamu ikawekwa mbele yake. Kidau cha wino hakikuwapo mezani. Aliishika, akavuta karatasi ikae sawa, akaandika majina yake matatu, herufi zimesimama wima. Akasita chini ya jina, pale penye mstari mtupu.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza.

Kitinda mimba akamtajia. Mwalimu akaiandika.